Forina

Darasa letu liko Ruwi, juu ya duka la mabomba na vali.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye kopo la Nido
na Mwalimu Sosamma, mtu wa Kottayam, anaandika ubaoni
neno moja refu, kisha analikata kwa chaki kama samaki.

Forina, anasema. Kichwa chake ni Kilatini: mlango.
Kiwiliwili: nje.
Basi forina ni mtu aliyebaki nje ya mlango.
Anacheka kidogo. Miaka kumi na tisa yuko hapa,
kadi yake inakwisha mwezi wa tisa.

Bi Shinuna, shangazi yangu, sikio la kushoto limemfa.
"Foleni?" anauliza. "Nani yuko foleni?"
Wakacheka Wabangladeshi wawili na yule fundi wa Sri Lanka,
nikacheka na mimi, kisha nikaukumbuka uwanja wa ndege:
safu ya raia, watu watatu, inakwenda kama maji,
safu yetu imejikunja mara nne,
na shangazi ng'ambo ya kamba, pasi nyekundu mkononi,
ananipungia, ananionyesha saa.
Hakukosea sana.

Garini akamuuliza mwanawe, Haitham:
na ajinabi je, limetoka wapi?
"Janbu," akasema Haitham. "Ubavu. Aliye pembeni."
"Ubavuni ndiko alikotoka Hawa," shangazi akasema.
"Sasa ajinabi ni mke wa nani?"

Haitham hakujibu. Ndiye kafili wangu.
Baba yangu na mama yake walinyonya ziwa moja,
na kadi yangu imeandikwa: mtumishi wa nyumbani,
kwa sababu, alisema, viza ya mtoto wa mjomba haipo.

Shangazi akatazama taa za Ghubra, akaanza kughani,
kama afanyavyo akitaka tunyamaze:

*Kule nikaitwa Manga, huku ni Mzinjibari;*
*mchele ule na unga, chungu kimejighairi;*
*wenye mlango wafunga, na mie nje nasubiri...*

Mshororo wa nne hakuutia.
Alikuwa anatafuta miwani. Ilikuwa kichwani.

Wiki iliyofuata Mwalimu akaniuliza mimi:
kwenu, aliye nje ya mlango anaitwaje?
Nikasema mgeni. Akaandika. Nikasema ngoja, futa.
Mgeni ni yule aliyekwisha kuingia,
aliyekwisha kunawa, anayeulizwa kama pilipili imezidi.
Huyu aliye nje bado, jua liko utosini,
hatukumpa jina.
Tulimpa neno la kusema.
"Neno gani?"
Hodi.
Akalijaribu: *odi*. Fundi akalijaribu, akagonga na dawati.

Sitaki kulipamba. Nazijua nyumba za Wete
ambazo hodi ilifia kizingitini,
na mwenyeji, ukimchambua, ni mwenye mji;
asiye na mji, lugha yangu nayo humtazama tu.

Leo nimechelewa kurudi.
Nyumba ya Mawaleh ina kufuli la tarakimu,
juu yake jicho dogo la kamera,
na Haitham amebadilisha namba, amesahau kuniambia.
Nina mfuko wa vitunguu. Saa tatu usiku
na joto bado linapanda kutoka kwenye saruji,
linaingia ndarani.
Ningeweza kupiga simu.
Nikalisogelea lile jicho, nikasema hodi.
Nikasema tena.
Ya tatu ndiyo ya mwisho, tulifundishwa chuoni,
baada yake mtu hugeuka akaenda zake.
Nikaishikilia mdomoni, haijatoka,
nikisikiliza viatu vya shangazi vikiburura marumaru,
polepole, vikisimama, vikiburura,
nikiomba awe amegeuza sikio la kulia.